Kabla ya kutuambia tusamehe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu ushauri ambao ukurasa wenu wa familia umeuzoea mno. Msomaji akiandika kwamba mumewe hasemi naye, anajibiwa asamehe. Akiandika kwamba ameaibishwa mbele ya watoto, asamehe. Akiandika kwamba jambo lile lile limerudiwa baada ya kuombwa radhi, asamehe tena, na safari hii kutoka moyoni. Sina ugomvi na msamaha. Ugomvi wangu ni kwamba mnauandika kama dawa ya kichwa: meza viwili, ulale, asubuhi utaamka mzima.

Nilikuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya wanandoa waliofikishana mbele ya hakimu au msuluhishi. Sitasema wapi wala lini, na visa nitakavyogusia nimevibadilisha vya kutosha ili mtu asijitambue. Karani hashauri, anaandika tu. Lakini ukiandika maneno ya watu kwa miaka mingi unaanza kusikia yanayojirudia. Nilidhani litakalojirudia ni uzinzi, au fedha, au wakwe. Yalikuwepo, kweli. Lililoyapita yote lilikuwa dogo kuliko hayo: "Nilimwambia, hakusikia."

Mke mmoja alieleza hivi. Usiku alipata habari kwamba mama yake amelazwa na hali si nzuri. Akamwambia mumewe. Mume, macho kwenye simu, akaitika "mm," kisha akacheka. Hakumcheka mama mkwe. Alikuwa ameona kichekesho huko simuni. Alfajiri akamkuta mkewe anafunga begi, akamuuliza anakwenda wapi. Alipopewa nafasi ya kujieleza, mume yule aliapa kwamba hakuambiwa kitu, na mimi niliyekuwa nikiandika nilimwamini. Maneno yalifika masikioni, hayakufika pengine popote. Msuluhishi, mtu mwema, akamgeukia mke: "Basi mama, msamehe, hakukusudia." Mke akamjibu kwa utulivu kabisa: "Nimsamehe lipi, baba? Mwenyewe halijui."

Swali lile halikupata jibu siku ile, na sijaliona likijibiwa kwenye ukurasa wenu. Kosa ambalo hakuna aliyelitazama halisameheki. Linamezwa tu, na likishamezwa linatafuta pa kutokea: kwenye sauti, kwenye mlango unaofungwa kwa nguvu, kwenye kulala mzungu wa nne. Wazee wasuluhishi walipenda kutufungia kikao kwa "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo inawafaa watu ambao yaliyopita wameyaona na wakamalizana nayo. Wasiokuwa wameyaona wanaganga nini?

Binti yangu amesomea saikolojia, na nilipostaafu akaanza kunipa kazi ya kusoma. "Mama, hii inakuhusu." Ndiko nilikokutana na habari ya umakinifu, yaani mtu kuwa pale alipo kwa akili yake yote, akiona kinachotokea ndani yake na mbele yake bila kukimbilia kuhukumu. Asili yake ni tafakuri za Kibudha, lakini ulioingia hospitalini ni ule aliouandaa Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo kikuu cha tiba cha Massachusetts, Marekani: mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Haikuwa habari ya ndoa hata kidogo.

Ikaja kuwa ya ndoa baadaye. Mwaka 2003 Kirk Warren Brown na Richard Ryan walitoa dodoso la maswali 15 la kupima umakinifu, na nilipolisoma nilicheka peke yangu, kwa sababu mojawapo ya mambo wanayouliza ni kama mtu hujikuta anamsikiliza mwenzake kwa sikio moja huku anafanya jambo lingine. Nilimkumbuka yule wa simu. Miaka minne baadaye Brown na wenzake, Sean Barnes akiwa wa kwanza kuandikwa, waliwaita wapenzi maabara wakawataka wazungumzie jambo linalowagombanisha. Waliokuwa na umakinifu zaidi waliingia kwenye mazungumzo wakiwa na hasira na wasiwasi pungufu, na walipotoka waliuona uhusiano wao vizuri zaidi. Naipenda habari hiyo kwa sababu tofauti ilianza kabla ya neno la kwanza kusemwa. Mtu aliingia mlangoni akiwa tayari ametulia. Pale mahakamani nimeona watu wakiingia mlangoni wakiwa wameshajibu.

Wengine wamejaribu kuyafundisha haya. James Carson na wenzake mwaka 2004 waliwachukua wanandoa 44, nusu wakapitishwa kwenye mafunzo ya umakinifu wakiwa wawili wawili, nusu wakasubiri zamu. Waliofundishwa waliridhika zaidi na ndoa zao, na miezi 3 baadaye faida ilikuwa bado ipo. Ila angalieni jambo moja ambalo wauza semina hawalisemi: wanandoa wale hawakuwa na matatizo makubwa tangu mwanzo. Kumfundisha mtu kupumua taratibu ndani ya nyumba yenye amani ni kazi nyepesi.

Kwenye nyumba ya ugomvi, mwili wenyewe unakataa. John Gottman, mtafiti wa ndoa, aliwarekodi wanandoa wakizozana huku akiwapima mapigo ya moyo. Anasema yakivuka 100 kwa dakika, hata mwenye nia njema hawezi tena kusikia vizuri anachoambiwa. Anasikia shambulio tu. Safari moja watafiti wake waliwakatiza wanandoa katikati ya mabishano, wakawadanganya kwamba vyombo vinahitaji kurekebishwa, wakawataka waache mada yao kwa nusu saa wasome majarida. Waliporudi kwenye mada, mapigo ya moyo yalikuwa yameshuka na maneno yakawa ya watu wazima. (Kwa kazi hiyo ya kutuliza hata gazeti lenu lingefaa, Mhariri, ila sijui kama ukurasa wa siasa ungemtuliza mtu.) Hakimu mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na desturi hiyo bila kumsoma Gottman. Sauti zikipanda, aliagiza faili fulani liletwe, nami nilijua halihitajiki, nikaenda kulitafuta kwa mwendo wa kobe.

Sasa turudi kwenye msamaha wenyewe, maana ndipo ukurasa wenu unaporuka hatua. Robert Enright wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison ameuchunguza msamaha tangu mwaka 1985, na huyo si adui wa msamaha, ni mhubiri wake. Lakini safari anayoielekeza, yenye hatua 20, haianzi na "nimekusamehe." Inaanza na kuifunua hasira: nimekasirika kiasi gani, nimekuwa nikiificha wapi, imenibadilisha vipi. Uamuzi wa kusamehe unakuja baada ya hapo. Na anasisitiza kwamba kusamehe si kuhalalisha kosa, si kusahau, wala si lazima kuwe kupatana. Kuifunua hasira bila kuirusha kwa mtu, hiyo ni kazi ya umakinifu. Kwa hiyo mambo haya mawili ambayo magazeti huyaandika kama vichwa tofauti, leo tulia, kesho samehe, ni kazi moja inayofuatana. Johan Karremans na wenzake walichapisha mwaka 2020 uchunguzi ulioonyesha kwamba watu wenye umakinifu zaidi husamehe kwa wepesi zaidi, na njia mojawapo ni kwamba wanaweza kujiweka mahali pa aliyewakosea.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwangu, maana nimeshazungumza vya kutosha juu ya nyumba za wengine.

Wifi yangu alinipigia simu mchana mmoja, sauti imejaa furaha. "Wifi, Mungu awalipe. Mmetuvusha pabaya." Nikamjibu, "Amina wifi, ni wajibu wetu," na sikujua tumemvusha wapi. Ilikuja kubainika kwamba mzee wangu alikuwa amemkopesha dada yake akiba tuliyoiweka pamoja, na kila mtu katika ukoo wake alikuwa na habari. Jioni alipoingia na kuniona uso, hakungoja nimuulize. "Nisamehe mama, nilikuwa mbioni kukwambia." Neno la kujibu lilikuwa tayari mdomoni, lile mnalotufundisha. Sikulisema. Nilimwambia nipe muda, sijui bado nimeumia wapi.

Alishangaa, na kwa kweli hata mimi nilishangaa kujisikia nikisema hivyo. Lakini ilikuwa kweli. Nilikaa nayo. Fedha? Hapana, angeniomba ningetoa, dada yake alikuwa na shida ya haki. Kutoshirikishwa? Kidogo. Nilipoendelea kuangalia bila kujihimiza, nikaiona: ilikuwa ile "Amina." Nilisimama peke yangu na simu sikioni, napokea shukrani ya jambo nisilolijua, najifanya nalijua ili nisimwaibishe mume wangu kwa dada yake. Mwili wangu ulikuwa unawaka hapo tu, kwenye neno moja.

Nilipomwambia hilo, mzee alikuwa amejiandaa kwa vita vingine kabisa. Alikuwa na hesabu tayari: zitarudi lini, kwa mafungu gani. Angezitetea hesabu zake usiku kucha, nami ningemjibu usiku kucha, na wote wawili tungekuwa tunagombania jambo ambalo halikuwa shtaka. Aliposikia habari ya "Amina" akanyamaza. Kisha akauliza swali moja: "Wifi yako alijua kwamba hujui?" Nikamwambia hakujua, nilikufichia aibu. Akachukua simu akatoka nje, na nilimsikia akimwambia dada yake kwamba fedha zile zilitoka bila mimi kuambiwa na kwamba nilikuwa nimemfichia aibu. Hakuna aliyemtuma.

Msamaha wenyewe sikumbuki ulikuja siku gani. Nilijua umekuja siku nilipogundua kwamba nataja fedha zile bila sauti yangu kubadilika. Everett Worthington, mtafiti mwingine wa mambo haya, anatenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia: mtu anaweza kuamua leo kwamba hatalipiza, moyo ukafuata kwa mwendo wake. Laiti washauri wenu wangelisema hilo tu, wangewapunguzia watu wengi hatia. Kuna wanawake niliowaandikia maelezo waliodhani ni wanafiki kwa sababu walisema wamesamehe na bado kifua kinawauma.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya hasa nishike kalamu. Mnaandika kana kwamba kadiri mtu anavyosamehe zaidi ndivyo ndoa inavyokuwa tamu zaidi. Si hivyo siku zote, na waliolichunguza wamelisema waziwazi. James McNulty aliwafuatilia wanandoa wapya 72 kwa takriban miaka 2 na akachapisha matokeo mwaka 2008. Kwa waliooana na watu wanaokosea mara chache, kusamehe kuliwasaidia kuendelea kuridhika. Kwa waliooana na watu wanaokosea mara kwa mara, wale waliosamehe zaidi ndio ambao kuridhika kwao kulishuka. Mwaka 2010 akaleta jingine: wanandoa wapya 135 walioandika shajara ya kila siku kwa siku 7. Baada ya siku ambayo mtu alisamehe, mwenzake alielekea zaidi kukosea tena kesho yake kuliko baada ya siku ambayo hakusamehewa. Mwaka huo huo Laura Luchies akiwa pamoja na McNulty na wengine wakaonyesha kwamba kumsamehe mtu ambaye hajafanya lolote kukurejeshea usalama na thamani yako hukupunguzia heshima yako mwenyewe machoni pako.

Hayo niliyaona kwa macho kabla sijayasoma. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja kwenye usuluhishi mara nyingi hata walinzi wakamzoea. Alijua kuomba radhi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwandika. Alipiga magoti, alitoa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Mkewe alimsamehe kila mara, mbele yetu, kwa sauti inayosikika. Kila waliporudi, sauti ya mke ilikuwa imepungua kidogo, hadi siku moja ikabidi nimwombe arudie ili niweze kuandika. Na bado akaambiwa: mama, moyo wa msamaha ndio nguzo ya nyumba. Nadhani msuluhishi aliamini anachosema. Nadhani pia kwamba alikuwa anamsikiliza kwa sikio moja.

Umakinifu una kazi ya pili hapa, na hii huwa haitajwi na wanaouuza kama utulivu. Mtu mwenye kutazama vizuri anaona tofauti kati ya kuteleza na mazoea. Aliyeteleza, anayeumia kwa kuona umeumia, anayekwenda nje na simu bila kutumwa, huyo kumnyima msamaha ni kujitesa bure. Mwenye mazoea anahitaji kitu kingine kwanza: kuambiwa hapa mwisho, kuona mwisho huo unashikwa, pengine shahidi, pengine umbali. Msamaha kwake unaweza kuja baadaye, hata baada ya ndoa kwisha, na Enright mwenyewe hakatai hilo. Panapokuwa na kipigo au vitisho, sitaki kusikia kabisa neno kusamehe kwenye jibu la kwanza. Jibu la kwanza ni usalama wake na wa watoto.

Kuna pia yale ambayo si makosa. Gottman alikuta kwamba kama asilimia 69 ya mambo yanayowagombanisha wanandoa hayamaliziki, yanatokana na tofauti za tabia ambazo watakuwa nazo hadi uzeeni. Mmoja anawahi, mwenzake anachelewa. Mmoja anataka kuzungumza usiku, mwenzake akigusa mto kasinzia. Kumsamehe mtu kwa usingizi wake ni kumkosea. Hapo kinachotakiwa ni kumkubali, na ikiwezekana kucheka.

Nisiwapambe watafiti kupita kiasi. Tafiti nyingi za umakinifu, msamaha na kuridhika katika ndoa ni za dodoso la siku moja: watu wanajaza fomu, namba zinalinganishwa, inaonekana mambo matatu yanakwenda pamoja. Lipi linavuta lingine, dodoso halisemi. Huenda mwenye ndoa ya raha ndiye anayepata utulivu wa kuwa makini na wepesi wa kusamehe, na tunamsifu kwa tabia ambayo mwenzake ndiye aliyemrahisishia. Mshauri anayemwambia mtu aliyechoka kwamba angekuwa mtulivu zaidi ndoa yake ingenyooka, anamwongezea mzigo na hana ushahidi wa kutosha wa kufanya hivyo.

Jambo moja jingine, na nitalisema kwa ufupi kwa sababu mnalijua. Mwanamke akiwaandikia, anaambiwa asamehe. Mwanamume akiwaandikia lalamiko la aina ile ile, anaambiwa akae na mkewe wazungumze. Kachukueni matoleo yenu ya nyuma mhesabu. Nafurahi kwamba wanaume wanashauriwa kuzungumza. Naomba nasi tushauriwe hivyo.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla mshauri wenu hajaandika "samehe," amuulize msomaji aliyeandika maswali matatu na kuyachapa gazetini: jambo hili limekuuma wapi hasa, aliyekukosea analijua, na limetokea mara ngapi? Msomaji akiweza kujibu, nusu ya ushauri atakuwa amejipa mwenyewe. Asipoweza, basi ndio mahali pa kuanzia, na huenda nafasi ya ukurasa ikatumika vizuri zaidi kwa hilo kuliko kwa aya tatu juu ya uzuri wa moyo mkunjufu.

Mzee wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma, maana mambo ya dada yake na akiba yetu ni ya sote wawili. Alitaka nifute sentensi mbili. Moja nimeifuta. Nyingine nimemweleza kwa nini naiacha, akaisoma tena, akasema sawa, ila niongeze kwamba fedha zilirudi zote. Zilirudi zote.

Wenu,
Karani mstaafu wa mahakama